Kipimo cha EC kinasema udongo ni mzima, vitunguu vinaungua. Nani muongo?

Mkulima_Kahe
Wakuu, habari za majukumu. Nina ekari moja na nusu ya vitunguu huku Kahe, Moshi Vijijini, namwagilia kwa maji ya kisima kwa sababu zamu ya mfereji haitoshi. Majani yanakauka kuanzia nchani kama yameunguzwa, na juu ya matuta kuna unga mweupe. Afisa ugani kapita, kaangalia, kasema hiyo ni chumvi.

Nikaagiza kile kihisio cha vijiti vya chuma, cha saba kwa kimoja: unyevu, joto, EC, pH, na N, P, K. Nimekichomeka asubuhi, kinasoma EC 620 µS/cm, unyevu 28%. Kila ninaposoma naambiwa udongo wa chumvi unaanzia 4 dS/m, yaani 4,000. Mimi nipo 620! Maji ya kisima nimepima kwa peni ya TDS (jumla ya chumvi iliyoyeyuka), yamesoma 1,100 ppm. Sasa nani muongo hapa: kipimo, afisa ugani au vitunguu?

Vuta_Kiti
Naweka kambi. Ngoja waje wenye fani.

Mangi_wa_Tambarare
Uzi wa kilimo bila picha?

UdongoKwanza
Mkuu, hakuna muongo hapo. Una namba mbili za vitu viwili tofauti na unazilinganisha kana kwamba ni kitu kimoja. Nitaandika kirefu kidogo maana swali hili linarudi kila kiangazi.

EC ni uwezo wa kitu kupitisha umeme. Maji safi hayapitishi karibu chochote. Chumvi ikiyeyuka ndani yake inagawanyika kuwa chembe zenye chaji, na umeme unapita. Chumvi nyingi, EC kubwa. Mpaka hapo hakuna ubishi.

Sasa ile 4 dS/m unayoisoma kila mahali imetoka kwenye maabara ya chumvi ya Marekani iliyoko Riverside, California, kwenye kitabu chao cha mwaka 1954. Wao hawakuchomeka kitu shambani. Walichukua udongo, wakaukoroga na maji safi mpaka ukawa rojo linalong'aa, wakavuta maji yake kwa pampu, wakapima EC ya yale maji. Hiyo inaitwa ECe. Majedwali yote ya mazao uliyoyaona mtandaoni ni ya ECe.

Kihisio chako kinapima mkusanyiko mzima: punje za udongo, hewa iliyo katikati, na maji, vyote kwa pamoja. Hewa haipitishi umeme, punje nazo ni kidogo sana. Kwa hiyo namba inatoka ndogo kila mara kuliko chumvi ambayo mzizi unakutana nayo ndani ya maji. Na ukiacha shamba likauke, namba inazidi kushuka wakati chumvi ndani ya maji yaliyobaki inazidi kuwa kali. Yaani siku mmea wako unapoteseka zaidi ndiyo siku kipimo kinakupa habari njema!

Twende na namba zako. Kuna mlinganyo wa Hilhorst wa mwaka 2000 unaotumika sana kutoka EC ya mkusanyiko kwenda EC ya maji ya udongo. EC yako 620 µS/cm ni 0.62 dS/m. Unyevu wa 28% unalingana na kipimo cha daielektriki (namba inayopanda kadiri maji yanavyoongezeka kwenye udongo) cha kama 15. Chukua 80, ambayo ni daielektriki ya maji yenyewe, zidisha kwa 0.62, gawanya kwa (15 toa 4.1). Unapata kama 4.5 dS/m. Hayo ndiyo maji ambayo mizizi ya kitunguu inakunywa leo. Kuyageuza kuwa ECe kwa makadirio, gawa kwa mbili: 2.3 hivi.

Kitunguu kinaanza kupoteza mavuno ECe ikivuka 1.2, na kila dS/m moja inayozidi hapo inakula 16%. Fanya hesabu: una hasara ya karibu 18% tayari. Kile kikomo cha 4 ni cha kuuita udongo "wa chumvi" kwa jumla, hakikuwekwa kwa ajili ya kitunguu. Shayiri inavumilia mpaka 8, pamba 7.7. Kitunguu, karoti na maharage ni wepesi kulia.

Mkulima_Kahe
Duh. Kwa hiyo afisa ugani yuko sahihi kwa macho tu, bila kipimo.

UdongoKwanza
Unga mweupe juu ya tuta na ncha kuungua, mtu aliyekaa tambarare ya Moshi hahitaji betri kujua. Mashamba ya miwa ya Arusha Chini yamepambana na chumvi hiyo hiyo miaka nenda rudi. Kipimo kinakusaidia kujua ni kiasi gani, iko kina gani, na kama unachofanya kinaipunguza.

Halafu peni yako. Peni ya TDS haipimi TDS, inapima EC kisha inazidisha kwa namba iliyowekwa kiwandani. Peni nyingine zinazidisha kwa 0.5, nyingine 0.7. Hiyo 1,100 yako inaweza kuwa EC ya 2.2 au ya 1.57. Tofauti si ndogo. Tafuta kimiminika cha kusawazishia cha 1413 µS/cm, vinauzwa kwenye vifuko. Chovya: ikisoma kama 706, peni yako ni ya 0.5. Ikisoma karibu 990, ni ya 0.7.

KilimoKidijitali
Mleta mada usivunjike moyo, kihisio cha saba kwa kimoja ni kizuri sana. Mimi nakitumia hata kupanga mbolea, kinasoma N, P na K papo hapo. Maabara ni gharama na majibu yanachelewa.

UdongoKwanza
Ndugu yangu, fanya jaribio hili jioni ya leo. Chukua kikombe cha maji safi, chomeka kihisio, andika N, P, K. Tia chumvi ya mezani kijiko kidogo, koroga, soma tena. Chumvi ya mezani ni sodiamu na kloridi, haina nitrojeni, haina fosforasi, haina potasiamu. Uone zitakavyopanda zote tatu.

Vijiti vile ni vya chuma tu. Havina namna ya kutenganisha nitrati na kloridi. Kinachofanyika ni EC kuzidishwa kwa namba tatu tofauti na kuandikwa N, P, K. Udongo wenye chumvi utakwambia una rutuba tele. Na kinyume chake: yurea ikiyeyuka haina chaji, kwa hiyo unaweza kumwaga yurea leo na EC isitikisike mpaka vijidudu vya udongo viigeuze.

KilimoKidijitali
Nimefanya. N imetoka 12 ikaenda 187. P na K nazo zimepanda pamoja nayo. 😐

Vuta_Kiti
Hahahaa mkuu, chumvi ya mezani imekuwa mbolea ya CAN.

Mangi_wa_Tambarare
Kuna watu humu wamewekea mbolea kwa kutumia hicho kitu misimu miwili. Siwataji.

FundiSakiti
Niongeze upande wa umeme maana ndiyo kazi yangu, huwa nawaunganishia wakulima vihisio vinavyotuma data kwenye simu. Mambo matatu yanayoharibu vipimo.

Joto: EC inapanda kama 2% kwa kila nyuzi moja ya selsiasi. Vipimo vyote vinapaswa kurudishwa kwenye nyuzi 25. Kihisio kilichowekwa sentimita 5 chini, udongo wa nyuzi 20 alfajiri na 38 saa nane mchana, kama hakina marekebisho ya joto ndani yake utaona mchoro unapanda na kushuka kila siku, useme chumvi inacheza. Ni jua hilo.

Mguso: uwazi mdogo wa hewa pembeni ya kijiti unatosha kuharibu kila kitu. Watu wanachimba shimo kwa jembe, wanaweka kihisio, wanarudishia udongo mkavu wenye mabonge. Chimba shimo, halafu chomeka vijiti kwenye ukuta wa shimo ambao haujaguswa, kwa ulalo. Rudishia udongo wa kina kilekile, ushindilie kwa mkono.

La tatu ni sehemu. Ekari moja na kipimo kimoja, umepima sentimita chache tu kuzunguka vijiti. Wenzetu wenye mashamba makubwa wanatembea na kifaa kama EM38 cha Geonics ya Kanada, hakigusi hata udongo, kinatuma uga wa sumaku na kusoma kinachorudi, mpaka mita moja na nusu chini. Kinakupa ramani ya wapi pabaya. Bei yake achana nayo. Kwetu sisi, chagua sehemu kwa macho: palipoungua, palipo wastani, na pazuri.

Mkulima_Kahe
Fundi, asante. UdongoKwanza, nimepata kile kifuko cha 1413 duka moja la vifaa vya maabara Arusha. Peni imesoma 702.

UdongoKwanza
Basi maji ya kisima chako ni EC 2.2. Kwa mwongozo wa FAO wa maji ya umwagiliaji, chini ya 0.7 ni salama, 0.7 hadi 3 ni tahadhari, juu ya 3 ni hatari. Kwa umwagiliaji wa kawaida ambapo 15 hadi 20% ya maji yanapita chini ya mizizi, udongo hutulia kwenye ECe ya mara moja na nusu ya maji. Kwako ni 3.3. Hesabu ya kwanza ilitupa 2.3. Maana yake udongo bado unaelekea juu. Ukiendelea na kisima hiki peke yake, kitunguu kitakula hasara ya theluthi moja.

Ila makadirio ya kihisio nisingeyaamini peke yake. Fanya kipimo cha moja kwa tano, hakihitaji maabara. Kausha udongo kivulini, ponda, chekecha. Pima gramu 20, weka kwenye chupa tupu ya maji, ongeza mililita 100 za maji yasiyo na chumvi. Maji ya betri yanafaa, yale safi ya kuongezea, SI asidi, soma lebo vizuri. Tikisa mara kwa mara kwa saa nzima, acha yatulie, pima maji ya juu kwa peni. Jibu unazidisha kulingana na udongo: mfinyanzi mzito kama 6 hadi 8, tifutifu kama 9 au 10, kichanga 14 na kuendelea. Unapata ECe ya kukadiria.

Chukua sampuli tatu: juu kabisa ya tuta sentimita 0 hadi 5, ndani ya tuta sentimita 15 hadi 20, na chini kwenye mfereji mdogo. Usizichanganye!

Mpemba_Asili
Asalaam alaykum ndugu zangu. Na huku kwetu Pemba mabonde ya mpunga yaliyo karibu na mikoko yanaingiliwa na maji ya bahari. Mpunga kikomo chake ni ngapi?

UdongoKwanza
Waalaykum salaam sheikh. Mpunga ni 3.0, na kila dS/m inayozidi inakula 12%. Maji ya bahari ni 50 na ushei, hivyo hata bamvu moja likiingia, msimu umeharibika. Mche mchanga na wakati wa kutoa maua ndipo mpunga unapoumia zaidi. Kwenu peni inatosha, pima maji yaliyosimama kwenye jaruba kila baada ya bamvu kubwa. Ila kwanza tuta la kuzuia bahari, kipimo baadaye.

Suwaiq_Oman
Nawasalimu kutoka Batinah, pwani ya Oman. Babu zetu walitoka Unguja, lugha tunayo nyumbani. Huku pwani yetu yote ni hadithi hiyo hiyo: watu walivuta maji ya visima kwa pampu mpaka bahari ikaingia chini kwa chini. Serikali imejenga mabwawa ya kurudisha maji ya mafuriko ardhini, la Al Khoud la mwaka 1985 ndilo linalotajwa sana. Mashamba yaliyo karibu na bahari yamebaki mitende tu, nayo mitende kikomo chake ni 4.0 na inapoteza taratibu mno, ndiyo maana inasimama pale ambapo ndimu zimekufa. Ushauri wangu kwa ndugu wa Kahe: pima kisima chenyewe kila mwezi, usipime udongo peke yake. Kisima kinabadilika kadiri unavyovuta.

Mkulima_Kahe
Shukrani bwana. Majibu ya chupa haya hapa, peni nimeigeuza kuwa EC:
juu ya tuta 0.58
ndani ya tuta 0.25
chini ya mfereji mdogo 0.15
Udongo ni tifutifu.

UdongoKwanza
Safi sana, hii ndiyo picha ambayo Mangi alikuwa anaidai. Zidisha kwa 9.5: juu ya tuta 5.5, ndani 2.4, chini ya mfereji 1.4. Ona 2.4 ilivyokaribiana na ile 2.3 ya kihisio. Kihisio chako kwa EC si kibaya, kilihitaji mkalimani tu.

Na ona tuta. Maji yanaingia kutoka mfereji pande zote mbili, yanapanda juu ya tuta, jua linakausha maji, chumvi inabaki kileleni. Na wewe umepanda wapi? Kileleni. Msimu ujao panda ubavuni mwa tuta, karibu na usawa wa maji, au rudi kwenye vijaruba vya bapa kama wazee wa Mang'ola wanavyolima vitunguu. Kwenye jaruba maji yanashuka kwenda chini sawasawa na chumvi inashuka nayo.

Bibi_Karoti
Kwa hiyo si amwagilie maji mengi tu aisafishe?

UdongoKwanza
Kiasi gani, ndilo swali, shangazi. Fomula: EC ya maji, gawa kwa (mara tano ya ECe unayotaka, toa EC ya maji). Akitaka ECe 2.8, ambapo kitunguu kinatoa robo tatu ya mavuno: 2.2 gawa kwa 11.8, ni 19%. Anaongeza kama robo ya maji ya kawaida, inawezekana. Akitaka asipoteze kitu kabisa, ECe 1.2: 2.2 gawa kwa 3.8, ni 58%. Zaidi ya nusu ya maji yote yapite chini yapotee. Dizeli itamfilisi, na kama hakuna mfereji wa kutolea maji, maji ya chini yatapanda na kuleta chumvi upya.

Mzee_Mabogini
Vijana, nimewasoma. Mimi nipo skimu ya Lower Moshi tangu Wajapani walipoijenga miaka ya themanini. Kuna kipande changu alikuja kijana na kifaa kama hicho, akasema EC 0.9, udongo mzuri, nipande. Hapaoti kitu. Mvua ikinyesha maji yanasimama siku nzima, yakikauka ardhi ni tofali, juu weusi weusi. Sisi tunaita magadi. Mnasemaje?

UdongoKwanza
Shikamoo mzee. Swali lako ndilo la muhimu kuliko yote humu.

EC inahesabu chembe zote zenye chaji, haiulizi ni za nini. Kalsiamu, magnesiamu, sodiamu, zote sawa kwake. Udongo wa magadi shida yake ni sodiamu iliyoshika kwenye punje za mfinyanzi. Sodiamu inazifanya punje ziachane, zizibe vitundu vya maji na hewa. EC inaweza kuwa ndogo kabisa, chini ya 4, na pH juu ya 8.5. Weusi ule ni mboji iliyoyeyushwa na magadi. Kifaa cha yule kijana kilisoma sawa, ila hakikuwa kipimo cha ugonjwa wako.

Jaribu hivi: weka bonge dogo kavu la udongo kwenye glasi ya maji ya mvua, usitikise. Baada ya saa kadhaa ukiona wingu la maziwa limezunguka bonge, hiyo ni sodiamu. Udongo wa chumvi wa kawaida, kama wa Mkulima_Kahe juu ya tuta, maji hubaki maangavu, bila wingu.

Na hapa nimuonye kila mtu: udongo wa magadi usiuoshe kwa maji safi ukifurahia EC inashuka. Chumvi kidogo iliyobaki ndiyo inazishika zile punje. Ukiiondoa na sodiamu bado ipo, unafunga ardhi kabisa. Kwanza jasi, kalsiamu yake iingie mahali pa sodiamu, ndipo uoshe. Jasi ipo jirani, Makanya pale Same wanachimba. Kiasi gani kwa ekari, hapo nenda maabara, kituo cha utafiti cha TARI Mlingano au chuo cha kilimo cha SUA, wapime sodiamu ya kubadilishana. Usikubali mtu akukadirie kwa macho. Na ukishaweka jasi, usishtuke EC ikipanda: jasi yenyewe ikiyeyuka inaongeza kama 2 dS/m, nayo haiumizi mmea kama chumvi nyingine.

Mzee_Mabogini
Marahaba. Wingu nimeliona kwenye glasi kabla ya chai ya saa nne.

Mkulima_Kahe
Mimi glasi yangu haina wingu, nashukuru Mungu. Maji ya mfereji nimepima, 180 ppm kwa peni ileile. Nikichanganya nusu kwa nusu na kisima?

UdongoKwanza
180 ni EC 0.36. Changanya: 1.28. Zidisha moja na nusu, ECe 1.9. Hasara inashuka kutoka theluthi hadi kama 11 au 12%. Huo ndio ushindi mkubwa kuliko kihisio chochote. Na kiangazi ambacho mfereji haupo kabisa, weka nyanya kwenye kisima kile: kikomo chake 2.5, kwa 3.3 inapoteza kama 8% tu.

FundiSakiti
Na kama una vihisio viwili, kimoja weka sentimita 15, kingine 40. Baada ya kumwagilia, cha juu EC ikishuka na cha chini ikapanda, chumvi inasafiri kwenda chini, vizuri. Cha juu kikipanda na cha chini kikabaki kilekile na unyevu haujafika, maji yako hayatoshi kuosha, unaongeza chumvi tu. Linganisha siku zenye unyevu sawa, usilinganishe kavu na mbichi.

Mkulima_Kahe
Zamu yangu ya mfereji ni Jumatano usiku. Natoa kimoja shambani Jumanne nikiweke sentimita 40, cha pili nitaazima kwa KilimoKidijitali maana naona N, P, K hazihitaji tena.

KilimoKidijitali
Njoo ukichukue. Rudisha na betri.